Barua za Maria Edgeworth kwa Kiswahili: shajara ya mradi

12 Oktoba 2024. Kuanza

Ninaishi na kufanya kazi Longford, katikati ya Ireland. Treni ya kwenda Dublin ikiondoka hapa, kituo cha kwanza ni Edgeworthstown, mji mdogo wenye jina la ukoo wa Maria Edgeworth. Nimepita pale miaka miwili bila kujua huyo Maria ni nani. Kisha nikasoma kitabu chake cha 1795, *Letters for Literary Ladies*, kinachotetea haki ya mwanamke kusoma na kuandika. Kimeandikwa kwa umbo la barua, nami nikatamani barua zake zenyewe, zile alizoandika bila kufikiria wachapaji.

Maria alizaliwa tarehe 1 Januari 1768 huko Uingereza, akahamia Edgeworthstown akiwa msichana, akafa hapo hapo tarehe 22 Mei 1849. Riwaya yake *Castle Rackrent* ilitoka 1800. Baba yake, Richard Lovell Edgeworth, alioa mara nne na kupata watoto 22. Ukubwa huo wa familia ndio uliotupatia barua nyingi kiasi hiki: daima palikuwa na ndugu aliye mbali anayesubiri habari.

Nia yangu ni kuzitia barua 12 katika Kiswahili. Wasomaji wa kwanza ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu aliye Tanga, na wenzake wanaokutana kusomeana kwa sauti. Naandika shajara hii ili anayetaka kufanya kazi kama hii kwa mwandishi mwingine asirudie makosa yangu.

Gharama mpaka leo: daftari mbili na kioo cha kukuzia maandishi, yuro 19.

2 Novemba 2024. Kosa la kwanza: kuamini kitabu

Nilianza na njia nyepesi. Mwaka 1894 Augustus Hare alitoa juzuu mbili za maisha na barua za Maria. Haki zake zimekwisha muda na zinapatikana bure kwenye intaneti. Kwa wiki tatu nilichagua barua, nikazipanga kwa tarehe, nikatafsiri nne.

Ndipo nikarudi kusoma dibaji, jambo lililotakiwa kuwa la kwanza. Hare alichota kutoka kitabu cha kumbukumbu kilichokusanywa na Frances, mke wa nne wa baba yake Maria, kikachapwa 1867 kwa ajili ya familia na marafiki tu. Kwa hiyo kila barua niliyokuwa nayo imepita kwenye chekecheke mbili. Kwanza familia iliondoa kisichowafaa watu wa nje, kisha Hare akachagua tena. Mimi nilikuwa nimeandika juu ya ukurasa wangu "barua kamili".

Marekebisho: zote nne sasa zinaitwa dondoo. Kwenye jedwali langu nimeongeza safu inayosema maandishi yametoka wapi: Hare, au hati ya mkono. Kama unaanza leo, tengeneza safu hiyo kabla hujatafsiri hata sentensi moja.

23 Novemba 2024. Kildare Street

Sehemu kubwa ya nyaraka za familia ya Edgeworth iko Maktaba ya Taifa ya Ireland, Kildare Street, Dublin, na fungu jingine kubwa liko maktaba ya Bodleian, Oxford. Nimepata kadi ya msomaji. Unaingia na penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi.

Saa ya kwanza sikuweza kusoma chochote. Nilidhani Kiingereza changu kitatosha, kumbe jicho nalo lina lugha yake. Mwandiko wa wakati ule una vifupisho kila mstari: *wd* (would), *cd* (could), *yr* (your). Na *s* ya kwanza kati ya mbili zinazofuatana huweza kuandikwa ndefu, ikafanana na *f*. Nilipoteza nusu siku kwa neno moja lililokuwa na *s* mbili tu za kawaida.

Kilichonisaidia ni kutafuta barua ambayo tayari ninayo ndani ya Hare, nikaweka maandishi ya chapa kando na kufuata hati neno kwa neno, kama mtoto anayefuata mstari kwa kidole. Baada ya barua mbili jicho lilizoea. Faida ya pili ikaja bila kutarajiwa: niliona kwa macho yangu mahali ambapo aya nzima zimeachwa, na kwenye chapa hakuna hata nukta tatu za kuonyesha pengo.

Treni kwenda na kurudi, yuro 22. Chakula nilibeba.

14 Desemba 2024. Shangazi na mama mdogo

Hili ndilo kosa lililonigharimu zaidi, na aliyelikamata yuko Tanga.

Nilimtumia shangazi barua sita kwa sauti kwenye simu. Jumapili akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, huyu Maria ana mashangazi wangapi? Mmoja yuko Black Castle, mwingine namsikia yumo humo humo ndani ya nyumba. Huyo wa ndani ni dada wa nani?"

Sikuwa na jibu. Kiingereza kinasema *aunt* na kinaishia hapo. Mimi kila nilipoliona neno hilo niliandika shangazi. Margaret Ruxton wa Black Castle, karibu na Navan, ni shangazi kweli: ni dada wa baba, na ndiye aliyepelekewa barua nyingi kuliko karibu mtu yeyote. Lakini Charlotte na Mary Sneyd hawakuwa na damu ya Edgeworth hata tone. Walikuwa dada za mke wa pili, Honora, na wa tatu, Elizabeth. Ndiyo, baba yake Maria alimwoa Honora, na Honora alipofariki 1780 akamwoa mdogo wake. Kwa Kiswahili akina Sneyd hawa ni mama wadogo, na mama mdogo na shangazi hawaongeleshwi kwa namna moja.

Nikalazimika kurudi nyuma na kufanya kazi niliyoiruka: mti wa ukoo. Wake wanne, watoto 22, wajomba, binamu. Umechukua jioni tano. Sasa umebandikwa ukutani, na kila jina lina neno la Kiswahili pembeni likionyesha Maria angemwitaje. Sophy Ruxton, msiri wake mkubwa, ni binamu kwa upande wa shangazi. Michael Pakenham ni mdogo wake, japokuwa Maria alimzidi miaka 44.

Aliyeniumiza kichwa ni Frances Beaufort, yule mke wa nne. Alipoolewa 1798 alikuwa na miaka kama 29, na Maria, binti wa kambo, alikuwa na 30. Kabla ya harusi Maria alimwandikia barua ya kumkaribisha, yenye heshima nyingi na tahadhari kidogo. Baadaye, mwaka hadi mwaka, anamwita mama yangu mpendwa. Nilitaka kuandika mama wa kambo ili msomaji asipotee. Shangazi akakataa: "Hilo ni neno la kumtaja mtu, si la kumwita. Yeye kamwita mama, nawe andika mama. Uhusiano uweke kwenye maelezo ya juu." Nimefuata. Sasa ukisoma barua hizo kwa mfululizo unaona Bi Beaufort anavyogeuka kuwa mama, na hilo ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyomo kwenye nyaraka hizi.

Barua zote sita zimeandikwa upya. Anayefuata njia hii achore ukoo kwanza.

4 Januari 2025. Haki za uchapaji

Fupi. Nilikuwa nimetafsiri kurasa 9 kutoka toleo la 1971 la barua zake za Uingereza, kazi ya Christina Colvin. Maria amefariki zamani, lakini toleo hilo lina mwenyewe. Nimeziweka kando kurasa zote 9. Vivyo hivyo kwa toleo la 1977 la barua zake na Rachel Mordecai. Siku 12 za jioni zimepotea. Uliza kwanza, tafsiri baadaye.

Hata hivyo habari ya Rachel lazima niieleze kwenye utangulizi, maana haina mfano. Alikuwa mwalimu, Myahudi, akiishi Warrenton, North Carolina, Marekani. Mwaka 1815 alimwandikia Maria, mwandishi mashuhuri asiyemfahamu, akamwuliza inakuwaje mtu anayefundisha watoto haki awachore Wayahudi kila mara kama walafi na waovu. Hasa yule mhusika Mordicai wa *The Absentee*, riwaya ya Maria. Maria hakujitetea. Alikiri kosa, akaandika riwaya ya *Harrington*, iliyotoka 1817, kwa nia ya kulirekebisha. Waliandikiana mpaka Rachel alipofariki 1838. Hawakuwahi kuonana.

1 Februari 2025. Paris, 1802

Barua niipendayo kuliko zote, na aya moja imenichukua wiki mbili.

Desemba 1802 Maria yuko Paris na familia. Anamwandikia mama yake mdogo, mmoja wa akina Sneyd, habari za kawaida za matembezi na watu waliokutana nao. Ghafla anakatiza: ameingiliwa, asema, kwa namna itakayomshangaza msomaji kama ilivyomshangaza yeye. Bwana Edelcrantz, Mswidi waliyekwisha kumtaja, amekuja *to offer me his hand and heart*, na baada ya hapo kuna alama mbili za mshangao. Karatasi ni ile ile. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

Rasimu ya kwanza: "amekuja kunipa mkono wake na moyo wake". Kwa Kiswahili mtu huyo ametoa rambirambi. Rasimu ya pili: "amekuja kuniposa". Hapa shangazi akasema kwake posa ina washenga na wazee, na mwenye kuposa haendi kubisha hodi mwenyewe. Nikajaribu "amekuja kuniposa mwenyewe bila mshenga", sentensi tamu, lakini mshenga hayumo kwenye barua na sina ruhusa ya kumwingiza. Nimeishia: "amekuja kuniomba niwe mke wake!!" Ni nyepesi kuliko nilivyotaka. Alama mbili nimeziacha, kwa sababu ndizo zinazobeba pumzi yake.

Halafu anakataa. Anasema hajamjua kiasi cha kuweza kumpima, na kwamba hakuna cha kumshawishi awaache wapendwa wake na nchi yake akaishi Sweden. Wengi humsikitikia Maria hapa. Mimi nasoma mwanamke wa miaka 34 ambaye tayari ana vitabu vyake, meza yake na wadogo zake wa kufundisha, na anajua vyote hivyo havitapakiwa kwenye sanduku la kwenda Stockholm. Kwamba alisononeka baadaye, Frances, mama yake wa kambo, ameliandika wazi katika kumbukumbu. Yote mawili ni kweli na nimeyaweka yote mawili.

Jambo jingine la hatua hii: salamu. Nilianza kila barua kwa mtindo wetu, "salamu baada ya salamu, ama baada ya hayo", kwa kudhani nawasaidia wasomaji kujisikia nyumbani. Lakini Maria huanza na jambo lenyewe. Barua ya mwanzoni mwa Septemba 1798, wakati wanajeshi wa Kifaransa wa Jenerali Humbert na waasi wa Ireland walipokuwa wanaisogelea Longford, hufungua kwa kusema sote tu salama, tumeokoka mara mbili: kwa waasi, na kwa mlipuko wa gari la baruti. Ukiitanguliza kwa salamu mistari mitatu umeiua. Nimeziondoa zote.

15 Machi 2025. Nani analipa?

Nakala za picha nilizoagiza zimefika, yuro 36. Moja ina maandishi yaliyopishana: mwandishi amejaza ukurasa, akaugeuza robo, akaandika tena juu ya mistari ile ile. Kwa mbali ni wavu wa samaki.

Nilihangaika siku tatu. Kioo cha kukuzia kilizidisha vurugu, kwa sababu kilikuza mistari yote miwili pamoja. Kilichofaa ni kuchapa nakala tatu (kamwe usifanye hivi juu ya hati halisi), kukata kadi nyeusi yenye upenyo wa upana wa mstari mmoja, na kuiteremsha taratibu. Kisha kuizungusha karatasi na kuanza tena. Unasoma mwelekeo mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa wa pili. Kadi iligharimu senti 80, na ndiyo zana bora ya mradi mzima.

Sababu ya kubana karatasi ni bei. Kabla ya Januari 1840, posta ya peni moja ilipoanza, ada ilihesabiwa kwa umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Bahasha nayo ingehesabiwa karatasi, kwa hiyo walikunja barua yenyewe, wakaandika anwani nyuma na kuifunga kwa lakiri. Penye lakiri karatasi huchanika ikifunguliwa, na neno moja au mawili huondoka nayo. Wabunge walikuwa na haki ya kupeleka barua bure kwa saini yao, na familia kama hii ilijua jinsi ya kumpata mbunge.

Tangu nilipolijua hili nasoma tofauti. Nilikuwa nimeudhika na barua zinazorukia habari tano katika aya moja, hata nikazigawa aya katika tafsiri ili zipendeze. Nimezirudisha. Karatasi ni moja, anayelipa ni shangazi, na nyumbani kwa shangazi barua itasomwa kwa sauti kila mtu akisubiri fungu lake.

26 Aprili 2025. Kioo

Februari 1834. Maria ana miaka 66, ametoa *Helen*, riwaya yake ya mwisho kubwa, na haina Ireland ndani yake. Anamweleza mdogo wake Pakenham, aliyekuwa kazini India, sababu: haiwezekani kuichora Ireland ya sasa kwenye hadithi, uhalisia umezidi nguvu, hasira za kambi za siasa ni kali mno, watu hawatavumilia kuona nyuso zao kwenye kioo. Wangekivunja na kumlaani mpumbavu aliyekishika.

Kiingereza kinatumia maneno matatu: *looking-glass*, *glass*, *mirror*. Sisi tuna kioo. Niliona aibu kulirudia, nikatafuta visawe, nikaandika hata "kitu cha kujitazamia". Ilikuwa upuuzi. Nimerudisha kioo, kioo, kioo, na sentensi imepata mgongo. Nilichopoteza ni kile kiwakilishi cha kike, *she*, ambacho Maria anakitumia kwa Ireland. Kiswahili hakina njia ya kukibeba na sikukilazimisha.

Wakati huo huo yeye ndiye aliyekuwa anaendesha shamba la familia, kazi aliyoichukua 1826 kutoka kwa mdogo wake Lovell aliyezama kwenye madeni. Asubuhi anahesabu kodi za wapangaji, jioni anaandika barua. Alikuwa mwenye ardhi, na mwema kuliko wengi, lakini mwenye ardhi. Kwenye maboksi nimetafuta sauti za wapangaji wenyewe, nikazikuta mara chache sana, na mara nyingi kwa kalamu ya Maria. Nimelisema hilo kwenye utangulizi bila kuzunguka.

24 Mei 2025. Njaa

Barua mbili za mwisho ni za miaka ya njaa kuu ya Ireland, viazi vilipokuwa vinaoza shambani. Maria anakaribia miaka 80 na anaandika kuomba: unga, mchele, mbegu, viatu kwa wanaofanya kazi kwenye matope. Kutoka Boston ikaja shehena ya unga na mchele iliyoandikwa, kwa Kiingereza, "kwa Bi Edgeworth, kwa ajili ya maskini wake". Wapagazi walioibeba walikataa malipo, naye akakaa kuwafumia skafu za sufu, mmoja mmoja. Akatunga pia hadithi, *Orlandino*, iliyotoka 1848, mapato yake yakaenda kwa wenye njaa.

Nilifasiri "maskini wake" kwa wepesi, kisha nikasimama. Hilo "wake" lina upendo na lina umiliki, na Kiswahili kinayachukua yote mawili bila kusukumwa. Limebaki.

Juzi niliteremka Edgeworthstown. Kaburi la familia lipo kwenye uwanja wa kanisa la St John, dakika chache kwa miguu kutoka kituoni. Kwa simu nilimsomea shangazi barua ya skafu nikiwa pale, upepo ukiingilia. Akaniambia nirudie jina la mtu mmoja, hakulisikia.

21 Juni 2025. Ilipofikia

Barua 10 zimekamilika kati ya 12: saba ni dondoo za Hare, tatu zimelinganishwa na hati za mkono. Mbili zinasubiri ruhusa. Gharama zote: treni mara nne kwenda Dublin na mara moja Edgeworthstown, yuro 97, nakala za picha 36, uchapaji 11, daftari, kioo na kadi, chini kidogo ya 20. Jumla ni kama yuro 164 na miezi minane ya jioni.

Kuna neno moja chini ya lakiri ya barua ya tatu sijalipata. Nimeacha mabano matupu mahali pake. Safari ya Dublin ni tarehe 5 Julai, na nitakwenda na ile kadi nyeusi kwa ajili ya nakala mpya.